Uzito Uliokuwa Maji

Siku yangu ya kwanza kazini, katika zahanati ndogo kati ya mashamba ya mpunga wilayani Kyela, nilikabidhiwa mizani ya kuning'inizia watoto na rundo la kadi za kliniki. Ilikuwa enzi za ruksa, biashara zimefunguliwa, mitumba imejaa sokoni, nami msichana mwenye sare mpya na maringo. Mstari wa uzito ukipanda kwenye kadi, nilimsifu mama, ukishuka, nilimgombeza. Kazi niliiona rahisi.

Mtoto wa kike wa Mama Tusajigwe alipanda uzito kila mwezi. Mwezi wake wa nne kliniki niliwaonyesha akina mama wote kadi yake. Walipoondoka, Mganga Mfawidhi, mzee asiyecheka kazini, akaichukua.

"Mikono yake ikoje?"

"Myembamba."

"Kichwa umepima?"

Sikuwa nimepima.

"Basi umekuwa ukipima maji ya kichwani, binti. Wafuate kabla mtoto hajapofuka."

Nilitoka mbio na baiskeli ya zahanati. Nyumbani kwao nilimzungushia mtoto utepe wa kupimia: kichwa kimepita kiasi, utosi umetuna, macho yanatazama chini tu. Mama akakumbuka kwamba mtoto alipokuwa mchanga alipata homa kali na degedege. Bibi wa mtoto akatukatiza.

"Nesi, ndaga, asante kwa kuja, lakini hili si la hospitali. Mkamwana wangu amewaudhi wazee waliotangulia."

"Bibi, ubongo hutengeneza maji yake kila siku. Yanapita kwenye vijia vyembamba, kisha damu inayanyonya. Ile ilikuwa homa ya uti wa mgongo, imeacha makovu yaliyoziba njia. Mfereji wa mpunga ukijaa tope, maji yanakwenda wapi?"

"Yanafurika."

"Na hapo nani kawaudhi wazee?"

Bibi akaingia ndani kumfungia mkamwana nguo za safari.

Niliwasindikiza hadi hospitali ya rufaa. Madaktari walimwekea mtoto mrija chini ya ngozi, unaotoa maji kichwani na kuyashusha tumboni, mwili unakoyanyonya. Siku ya tatu macho yake yaliinuka yakamfuata mama yake, nami nikalia bila aibu. Alichelewa kutembea, lakini alitembea.

Baadaye, nilipohamishiwa Matema, nilijifunza kwamba si homa peke yake inayojaza maji kichwani. Wapo wanaozaliwa njia ya maji ikiwa imeziba, wapo wenye kidonda wazi mgongoni, na wapo njiti, waliozaliwa kabla ya wakati, wanaovuja damu ndani ya ubongo. Kila mtoto aliyeletwa nilimzungushia utepe kichwani, hadi wauguzi vijana wakanung'unika kwamba foleni yangu haiendi.

Nilistaafu na jambo moja moyoni: sikuwa nimemwambia Mama Tusajigwe kwamba nilichelewa kuona. Mwezi uliopita nilikwenda kwake nikamweleza yote.

Akacheka. "Nesi, nilijua tangu siku ile ulipofika na baiskeli unatetemeka."

"Na hukusema?"

"Nilizaa wengine watatu," alisema. "Niliwaleta kwa nani, kama si kwako?"