Jiwe Hulambwa Kabla ya Kupimwa

Siku yangu ya kwanza kazini nilimkuta mzee mmoja juu ya paa la kituo chetu pale Mbaraki, akilamba jiwe. Nikamwamkia. Akaitikia kwa adabu zote, akalilamba tena, akalirudisha juani.

"Bado," akasema.

"Bado nini?"

"Bado lina chumvi."

Huyo alikuwa Fundi Athmani, fundi wa maabara. Mwaka huu amestaafu. Kuandika hataki, kwa hiyo nawaandikia mimi, niliyefanya kazi chini yake miaka sita na kumbishia karibu kila siku, ili ninyi mnaoingia kazi hii sasa mjue ilivyokuwa ikifanywa.

Kazi yetu ilikuwa kujua mwamba unaliwa kwa kasi gani. Matumbawe hujenga mwamba, na viumbe wengine huubomoa: samaki aina ya pono huuguguna kwa meno, wanyama wa mviringo wenye miiba mirefu myeusi huukwangua, na minyoo na sponji hutoboa vijitundu ndani kwa ndani. Tulichukua matumbawe yaliyokufa zamani, tukayakata vipande kama sabuni ya mche, tukavipima uzito na kuvifunga mwambani. Baada ya mwaka tulivitoa na kuvipima tena. Uzito uliopungua ndio ulioliwa.

Kati ya kuvitoa na kuvipima palikuwa na utaratibu wa Fundi. Kila kipande kilifungwa kwenye kitambaa cha leso kuukuu, kikalowekwa siku saba katika maji matamu yanayobadilishwa kila asubuhi, kikaanikwa, kikalambwa. Siku ya kulamba Fundi hakugusa kahawa.

"Na ulimi ukikosea?" nilimwuliza.

"Ndiyo maana sinywi kahawa, daktari." Daktari sikuwa, naye alijua vizuri.

Mwaka wangu wa tatu Fundi alilazwa kwa ajili ya goti, na wiki hiyo hiyo mifereji ya maji ya kituo ikakauka. Vipande vilikuwa vimetolewa sehemu mbili: ile ambayo wavuvi walikubali kuiacha ipumzike, ili samaki aina ya kikande warudi na kuwala wale wanyama wa miiba, na ile inayovuliwa kama kawaida. Wavuvi walikuwa na mkutano wa kuamua kama waifungue ile iliyopumzishwa. Mimi niliona kuloweka ni mazoea ya mzee tu. Nikavikausha kwenye oveni, nikapima.

Matokeo yalisema mwamba unaovuliwa haukuliwa zaidi ya ule uliopumzishwa. Nakiri nilifurahi. Nilikuwa nimepindua jambo ambalo kila mtu aliliamini. Mkuu wa kituo, mama mpole asiyependa maneno mengi, alisoma karatasi yangu mara mbili.

"Una hakika?"

"Tarakimu ndizo hizo, Bi Mkuu."

Akampelekea mwenyekiti wa wavuvi.

Fundi alirudi na mkongojo siku tisa kabla ya mkutano. Hakuuliza matokeo. Aliokota kipande kimoja cha sehemu inayovuliwa, akakilamba, akaninyooshea. "Onja, daktari."

Nikaonja. Kilikuwa chumvi tupu.

Hapo ndipo nilipoelewa. Kipande kilichotobolewa zaidi kina vijitundu vingi zaidi, na kila kijitundu kimejaa chumvi. Kilicholiwa sana ndicho kilichobaki kizito. Nilikuwa nimepima bahari nikidhani napima jiwe.

Mifereji ilikuwa bado mikavu. Nikapendekeza maji ya kisima cha Mji wa Kale. Fundi akacheka mpaka akaegemea mkongojo. "Maji yale yenyewe ukiyatia kwenye mchuzi huhitaji chumvi." Tukanunua madumu kwa watu wa mikokoteni, nikayapandisha paani mwenyewe siku saba, naye amekaa kitini akihesabu ngazi zangu kwa sauti.

Nilipopima upya, matokeo yaligeuka. Sehemu inayovuliwa ilikuwa imeliwa vibaya.

Mkutanoni nilisimama nikasema nimekosea na nimekoseaje. Mwenyekiti alinitazama. "Wiki iliyopita mwamba hauliwi, leo unaliwa. Kesho utatwambia umenenepa?"

Watu wakacheka. Fundi akafungua leso zake mbili, akawapitishia vipande. Cha sehemu iliyopumzishwa kilipita mikono yote kikarudi kizima. Kile kingine mvuvi mmoja alikibana kwa vidole tu, kikamomonyoka magotini pake kama mkate mkavu. Kicheko kikakatika. Wakaongeza mwaka mmoja wa kuupumzisha mwamba, na baadaye mwingine.

Bado naamini kila kitu chafaa kuulizwa. Siku hizi tuna kifaa cha kupima chumvi, na nilikilinganisha na ulimi wa Fundi, kwa siri, kwa muda mrefu. Sikuviona vikipishana. Kosa langu halikuwa kumhoji yeye. Nilisahau kujihoji mimi.

Alipostaafu tulimfanyia karamu ndogo pale Mama Ngina, kando ya bahari, mihogo ya pilipili na madafu. Nikamkabidhi zawadi: kile kipande cha kwanza alichonionjesha, nimekifunga katika leso mpya ya Biashara Street. Akakifungua, akakigeuza, na kabla ya kusema ahsante akakilamba.

"Umekiloweka siku ngapi?"

"Tisa, Fundi."

"Saba zatosha," akasema, akakifunga tena taratibu, akakitia kwenye mfuko wa kanzu. Kisha akaomba kahawa.