Sala Niliyomwombea Ng'ombe

Kabla sijavuliwa kazi nilikuwa mwinjilisti wa kanisa dogo la matofali mabichi, kwenye kijiji cha ufukweni upande wa Misungwi. Sikuwa na mshahara. Niliishi kwa jembe kama waumini wangu, nikiwa na ekari mbili, ng'ombe wanne, na mke aliyekuwa na imani kunizidi.

Ilikuwa miaka ile ushirika wa wakulima umelegea na pamba inanunuliwa na yeyote mwenye mzani na lori. Dawa ya kuulia wadudu, ambayo zamani tuligawiwa kwa kipimo na bwana shamba amesimama hapo, sasa iliuzwa gulioni kando ya sabuni na khanga. Pamba ilinitupa mkono, nikaiacha nikalima mihogo. Stoo ikabaki na kopo moja la dawa, limejaa kupita nusu. Kifuniko chake kilipasuka, nikaufunga mdomo kwa nailoni na kipande cha mpira wa baiskeli.

Wakati huohuo viwanda vya samaki vilikuwa vimefunguliwa mjini, na lori la barafu lilikuja mwaloni kwetu, pale mitumbwi inapotia nanga, kuchukua sangara. Wanaume waliacha mashamba. Minofu ikaenda Ulaya, sisi tukaanza kula mapanki, yaani kichwa na mifupa inayobaki. Hakuna aliyelalamika sana. Nyumba za bati zilikuwa zinaota.

Jioni moja mwalimu wa kwaya yetu alikuja nyumbani. Alikuwa mvuvi, na ndiye aliyeezeka kanisa kwa mikono yake.

"Mwinjilisti, una dawa ya pamba iliyobaki?"

"Ipo. Ya nini? Wewe hukulima pamba mwaka huu."

Akacheka kidogo, akaangalia kuku. "Shemeji yangu wa Buswelu ana bustani. Nyanya zake zinaliwa na wadudu."

Nilijua anadanganya. Watu walishaanza kunong'ona kwamba kuna wavuvi wanaomwaga dawa kwenye maji yaliyotulia, samaki wakalewa na kuelea, wakaokotwa kama kuni. Nilisimama pale nikifikiri namna ya kumwuliza, na nikaona kumwuliza kutaniletea taabu. Nikaingia stoo, nikamletea kopo. Nikamwambia amsalimie shemeji yake.

Jumapili iliyofuata alileta sangara wa shukrani, mkubwa kama mtoto wa miaka minne, tukamlaza mbele ya meza ya Bwana. Nilimwekea mikono nikambariki. Nikahubiri kwamba Mungu alimkabidhi mwanadamu samaki na ndege na wanyama wote. Neno hilo la kukabidhi nililitamka kwa nguvu, na jinsi nilivyolitamka siku ile, kila mtu alielewa kwamba ni vyetu, tuchukue. Kwaya ikaimba vizuri sana.

Mke wangu hakukipika kipande tulichogawiwa. Alikifukia nyuma ya choo, akanawa mikono. Nami sikumwuliza.

Siku mbili baadaye alikuja mama mmoja mjane anayeishi karibu na ziwa. Hakuwa mtu wa kanisa. Alifuata mambo ya wazee wake, na mimi nilishawahi kumsema madhabahuni bila kumtaja. Alikuwa ametembea haraka, kanga imelowa jasho.

"Shikamoo, mayu," nikamwamkia kwa Kisukuma nusu, kama tunavyomwita mama.

"Marahaba. Njoo uniombee ng'ombe wangu. Amekunywa maji asubuhi, sasa ameanguka."

Nikasita. Nikamwambia kwamba sisi tunaombea watu.

"Najua," akasema. "Lakini ng'ombe hana dini. Hajakukosea."

Nikaenda naye. Njiani, kwenye ukingo wa matete, nilipita ndege yangeyange watatu wamelala ubavu, na fisi maji jike ambaye chuchu zake zilikuwa bado zinatoka maziwa. Samaki wadogo wadogo, furu, walikuwa wamejipanga ukingoni kama povu. Mama yule aliwapita bila kusimama. Alikuwa ameshawaona.

Ng'ombe alikuwa amelala uani, miguu inapiga ardhi, mate yanamtoka. Ndama wake wa wiki tatu alikuwa anamsukuma kiwele kwa kichwa. Niliinama kumshika shingo, ndipo harufu ikanipata puani. Ni harufu niliyoipulizia pamba yangu miaka saba. Huwezi kuisahau.

Yule mama, ambaye hakuwahi kupiga magoti kwa Mungu wangu, alikuwa amepiga magoti pembeni yangu. Nikafumba macho, nikaomba. Nilimwomba Mungu amponye mnyama huyu, kama vile sikujua kinachomuua. Maneno yalitoka yote, yamepangika, kwa sauti yangu ya Jumapili. Mama akaitikia amina. Ng'ombe akafa kabla jua halijafika utosini.

Nikashuka peke yangu hadi dimbwi ambalo ng'ombe wake hunywa, sehemu ambayo maji ya ziwa huingia na kutuama. Kopo lilikuwa humo, limekwama kwenye magugu maji, kipande changu cha mpira bado kiko shingoni. Wavuvi walikuwa wamelisuuza hapo na kulitupa. Nilikaa kwenye mchanga. Sikulia. Nilikuwa na aibu.

Nikarudi kwa mama nikiwa nimelishika kopo, nikamweleza yote, hata ile sehemu ya kwamba nilijua.

Alinisikiliza hadi mwisho. "Kwa hiyo ulipokuwa unaomba, ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua, mayu."

"Na mimi nikakuitikia."

Nyama ile isingeliwa, wala ngozi isingechunwa. Nilichukua jembe na sepetu, nikachimba shimo mchana kutwa. Kwetu ng'ombe hazikwi. Watu walipita njiani wakasimama, wakatazama, wakaondoka. Nilipomaliza nilimwomba mama anipe ndama nimnyonyeshe kwa ng'ombe wangu aliyezaa. Alimleta mwenyewe kila asubuhi, akimvuta kwa kamba, akasubiri nje ya ua. Ng'ombe wangu alimpiga teke. Ikabidi nimfunge miguu ya nyuma ndipo ndama anyonye. Alikua, ingawa alidumaa. Kwa muda wote ule nilimwamkia mama yule, naye hakuniitikia hata mara moja.

Jumapili nilisimama mbele ya waumini nikasema dhambi yangu, nikaonyesha kopo. Mwalimu wa kwaya sikumtaja, lakini alitoka nje. Baada ya ibada wazee wa kanisa waliniita.

"Ungetuambia sisi kwanza," mmoja akasema.

"Ng'ombe amekufa. Ndege wamekufa. Tumembariki samaki wa sumu humu ndani."

"Habari hii ikifika mjini lori halitakuja tena. Watu watakula nini?"

Hawakuwa watu wabaya. Walikuwa na watoto shuleni na bati nusu juu ya nyumba. Wakaamua nipumzike uinjilisti, na barua ya mchungaji ikaja kuthibitisha.

Lori liliacha kuja miezi michache baadaye. Walisema wanunuzi wa Ulaya wameogopa sumu ya ziwa zima, si ya kwetu tu, lakini kijijini ilisemwa ni mdomo wangu. Mwalimu wa kwaya alihamia visiwani. Fisi maji sikuwaona tena kwenye yale matete, na nimewatafuta.

Niliendelea kusali kanisa lilelile, benchi la nyuma. Mwinjilisti mpya alikuwa kijana mpole. Siku moja alipouliza nani ana jambo la kuombewa, nilisimama nikaomba tuliombee ziwa na vyote vinavyoishi ndani yake na vinavyokunywa kwake. Nikasema tuliwekwa hapa tuviombee na tuviangalie, na hatujafanya hata moja.

Kijana akapekua karatasi yake.

"Asante, mzee. Tuanze na wagonjwa."

Wakainamisha vichwa wakaombea wagonjwa, na wasafiri, na mvua. Nilisali peke yangu kwa sauti ya chini, nikiwataja wanyama mmojammoja kwa majina yao ya Kisukuma. Mtu aliyekaa jirani nami alichukua Biblia yake, akahamia benchi la mbele.