Viatu vya Sare na Sikio la Mama

Mama alipoanza kupoteza usikivu hakumwambia mtu. Alianza tu kukubali kila kitu. Ukimuuliza kama chumvi imetosha, anatikisa kichwa. Ukimwambia jirani kafiwa, anatabasamu. Mpaka tunagundua, masikio yalikwisha kwenda zake.

Hakulalamika hadi mdogo wangu, kitinda mimba, alipochumbiwa. Siku hiyo alinishika mkono akaniambia kwa sauti ya kusikika nyumba ya tatu, maana alikuwa hajui tena kuipima: "Huyu ndiye wa mwisho. Nataka nimsikie akijibu." Kwetu, kabla nikaha haijafungwa, walii, yaani mzee anayemwozesha binti, huja na mashahidi mpaka mlangoni kwa mwari na kumuuliza kama ameridhia. Mama hakutaka zawadi wala nguo mpya. Alitaka jibu hilo liingie sikioni mwake.

Mimi nafanya kazi ofisini Chake, na ndimi pekee kwetu Gando niliyekuwa na kadi ya benki ya kununulia vitu mtandaoni. Nikamwagizia kifaa cha kusikilizia kutoka China, kidogo, cha kupachika nyuma ya sikio. Ningenyamaza hapo, mambo yangekwisha. Lakini Pemba mtu haagizi kitu peke yake. Anayekwenda Unguja tu huondoka na vibahasha na vifurushi vya mtaa mzima, seuze China!

Shangazi yangu, dada wa marehemu baba, ndiye aliyefungua mlango. "Maadamu unaagiza," akasema, "tia na viatu vyetu vya sare." Akafuata mke wa ami, wakafuata majirani, kila mmoja na namba ya mguu wake. Sandali za dhahabu, zote sawasawa, za kuvaliwa harusini. Kumkatalia shangazi yako jambo la harusi ni kujitafutia kesi isiyo na hakimu. Nikamwomba muuzaji atie vyote katika boksi moja, kwa jina langu, ili nauli isizidi.

Boksi likafika, likakaa forodhani. Nilipokwenda, afisa alikuwa kijana mpole, na upole wake ndio ulionikera zaidi. Alilifungua mbele yangu, akatoa sandali, akatoa nyengine, akaendelea kutoa mpaka meza ikajaa. Mwisho kabisa akaibuka na kile kifaa.

"Hiki cha nani, dada?"

"Cha mama yangu. Hasikii."

"Na viatu?"

"Vya harusi."

Akaitazama meza. "Mama yako ana miguu mingapi?"

Sikucheka. Akanieleza taratibu kwamba kifaa cha mgonjwa, kingekuja peke yake, kisingekuwa na shida. Lakini viatu vya namna moja kwa wingi ule ni mzigo wa biashara, na mfanyabiashara hulipa ushuru wa biashara, akatafuta na wakala wa kumtolea mzigo. Nikamwomba anipe kile kimoja, viatu abaki navyo, avivae akipenda. Akasema mzigo ni mmoja na karatasi yake ni moja. Haya bwana.

Nilirudi Gando nimefura. Shangazi aliponiuliza viatu viko wapi, nikamwambia viko forodhani vimemkalia mama masikioni. Alinuna. Kisha alitoka bila kuaga, akapita nyumba kwa nyumba, akarudi na ushuru umefungwa kwenye pembe ya kanga. Wanawake walikuwa wamelalama, lakini wametoa. Nikamtafuta wakala, naye akawa na kesho zake nyingi. Kila kesho mama alikuwa akinitazama mikono ninapoingia, akiona haina kitu anaendelea na kazi yake. Nilikuwa naumia, wallahi, na sikuwa na wa kumgombeza.

Mzigo ulitoka asubuhi ya nikaha yenyewe. Nilikimbilia Gando kwa gari, boksi mapajani. Wanawake wakalivamia, wakavaa sare zao. Mimi nikampachika mama kifaa, nikakiwasha. Akashtuka. "Loo! Mnapiga kelele namna hii siku zote?"

Ami yetu, ndiye walii, akaja na mashahidi wakasimama mlangoni. Mama alikaa ubavuni mwa mwari, shingo kaielekeza kwake. Ami akauliza kama ameridhia. Mdogo wangu, uso umefunikwa, kimya. Akauliza tena. Kimya. Haya zilimshika, nasi sote tunajua kwamba mwari akinyamaza ndiyo kakubali. Ami akaitikia kwa kichwa, akageuka aondoke na jawabu lake.

Nikamwinamia mama. "Amekubali. Kanyamaza."

"Huko kunyamaza," mama akasema, na chumba kizima kikamsikia, "nilikuwa nakusikia hata kabla hamjalipa ushuru."

Ami akasimama palepale. Hakuna aliyecheka, hata shangazi. Mdogo wangu akaufunua uso, macho yamelowa, akamgeukia mama akapaza sauti kama alivyozoea kumpazia miaka yote ile: "Nimeridhia, mama!"

Mama akaziba sikio kwa kiganja.

"Usinipigie kelele, mwanangu," akasema. "Nasikia."