Sahani ya Gurusa Aliyopewa Zaituni

Kila nikichuja chai ya wageni hukumbuka siku moja hapa kwetu Kamwokya, Kampala. Mwanangu, usicheke nikikuita hivyo. Nimekupita miaka michache tu, lakini mimi ni shangazi yako, na wiki ijayo unaingia chuo kikuu. Mimi niliishia darasa la saba, na kuongea mbele ya watu kunanishinda. Ndiyo maana nakuandikia, polepole.

Siku hiyo mwalimu wa historia wa chuo kikuu aliwaleta wanafunzi wake kwa bibi yetu, Haboba. Alisema vitabu vyao vinawataja wazee wetu Wanubi walipofika Uganda na bunduki za Waingereza, kisha vinanyamaza, kana kwamba hawakuoa, hawakujenga, hawakuzika watu hapa. Alitaka somo lake liendelee pale vitabu vilipoishia.

Nilipoleta birika nikamwona Zaituni, binti wa mjomba, amejibanza nyuma ya wenzake. Chuoni alikuwa amewaambia kwamba kwao ni Nakasero, mtaa wa matajiri. Akaniangalia kwa macho ya kuniomba. Nikainamisha kichwa, kunyamaza nakuweza.

Wewe unamjua Haboba. Hamsimulii mgeni kitu kabla hajamuuliza ni mtoto wa nani na wazee wake walitoka wapi. Wanafunzi walikuwa wameshatoa simu wamrekodi, yeye akaanza kuwauliza wao. Kijana mmoja akasema babu yake alikuwa fundi cherehani Bukavu, na yeye mwenyewe aliletwa Kampala akiwa mgongoni kwa mama. Mwingine akasema hajui.

"Basi jioni mpigie mama yako simu," Haboba akamwambia. "Usilale na swali."

Wakacheka. Zamu ikawa inamkaribia Zaituni. Akidanganya, atamkana bibi yake ndani ya nyumba yake. Akisema kweli, wenzake watajua aliwadanganya. Nikamimina chai hadi ikafurika mkekani.

Haboba alipofika kwake hakumuuliza. Alichukua sahani ya gurusa, zile chapati zetu nyembamba, akamnyooshea.

"Wagawie wageni."

Mwanangu, kwetu mgeni hagawi chakula. Anayegawa ni mtoto wa nyumba. Wenzake hawakulijua hilo. Angeweza kugawa, akarudi kukaa nao, na siri yake ikabaki salama. Bibi alimwachia nafasi hiyo.

Zaituni akagawa hadi wa mwisho. Hakurudi alikokuwa. Akaketi mkekani karibu na miguu ya Haboba, akasema kwa sauti ndogo, "Mimi ni wa hapa. Huyu ndiye bibi yangu."

Wenzake wakatazama vipande vyao vya gurusa. Kisha yule kijana wa Bukavu akasema, "Kumbe ndiyo maana sisi umetupa vidogo."

Hata mwalimu alicheka. Ndipo Haboba akaanza kusimulia, na kila alipoingia Kinubi bila kujua, Zaituni akawatafsiria.

Kwa hiyo, mwanangu, mwalimu akitafuta mfano wa mbali na wewe unao wa hapa kwetu, nyoosha mkono, hata kama unaogopa kuongea kama mimi. Na ukija kufundisha, walete wanafunzi wako kwa wazee wa mitaani, lakini kwanza waulize nao wametoka wapi.

Mungu akufungue akili, akupe walimu wanaosikiliza, akurudishe nyumbani ukiwa na njaa. Gurusa utagawa wewe.