Darasa la Mtu Mmoja Marui

Siku yangu ya kwanza kazini Marui nilivaa viatu vya kuazima, vikanibana njia nzima kutoka Kisarawe. Bwana Misionari, Mjerumani mrefu mwenye sauti ya kuamrisha, alinisimamisha mbele ya banda la makuti akasema, "Hii ndiyo shule, hili ndilo kanisa, na mwalimu ni wewe." Basi! Akapanda baiskeli yake akaondoka, mimi nikavua viatu, nikaingia ndani kwa furaha.

Ninyi mnaofundisha leo chini ya bati, sikieni tulivyofanya kazi. Mwinjilisti kama mimi alikuwa mtu wa kila kitu. Asubuhi nilifundisha watoto herufi, alasiri nikawa na darasa la ubatizo, yaani watu wazima waliotaka kubatizwa, na Jumapili nikahubiri. Niliruhusiwa kuzika na kuombea wagonjwa, lakini kubatiza ilikuwa kazi ya mchungaji tu. Katekisimu, yale maswali na majibu ya imani, tuliigawa kwa sababu wengi hawakujua kusoma. Kila mmoja alishika sehemu yake kwa moyo, na siku ya mtihani akajibu ile ile.

Darasa langu lilikuwa tayari, nguo nyeupe zimefuliwa, ndipo vita vikazuka Ulaya. Lori la serikali ya Waingereza likaja kuwachukua Wajerumani wote kama maadui. Bwana Misionari alinishika mkono.

"Mwalimu, endelea."

"Mpaka lini, Bwana?"

Akageuka kupanda lori. Askari alikuwa anamwita.

Jamani, mambo yaligeuka! Watu walisema dini ya Wajerumani imeondoka na Wajerumani wenyewe, na darasa likapukutika. Binamu yangu, kibarua wa reli kule Kwala, akaniletea habari kwamba kazi ipo, niende upesi. Nikaanza kufunga mzigo, maana sikujua tena nafanya kazi ya nani.

Alasiri ile akatokea Bibi Mwanahawa, mkongwe wa darasa, anapumua kwa shida, amejitanda nguo yake nyeupe.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Mbona mlango wa darasa umefungwa?"

"Bibi, Bwana Misionari amechukuliwa."

"Najua. Nilikuwepo barabarani. Mungu sikumwona mle kwenye lori. Wewe ulimwona?"

Nilicheka mpaka machozi yakanitoka, nikafungua mlango. Kwala sikwenda.

Tukaendelea, mwalimu mmoja na mwanafunzi mmoja. Kifua kilimsumbua Bibi sana, nami niliogopa atakufa bila ubatizo alioutamani kuliko kitu chochote duniani. Yeye hakuogopa, aliniuliza tu kesho tunasoma nini. Polepole wenzake wakarudi kwa aibu, wakakaa viti vya nyuma.

Halafu asubuhi moja akaja mchungaji kwa miguu, na alikuwa Mwafrika! Mweusi kama mimi, kola nyeupe shingoni! Nilitaka kupiga vigelegele kama mwanamke arusini. Akaanza mtihani papo hapo. Akamwuliza Kondo, kijana aliyerudi juzijuzi. Kondo akakodoa macho, Bibi akajibu. Akamwuliza mwingine, na Bibi akajibu tena.

"Bibi, ngoja zamu yako," mchungaji akasema. "Hilo ni la mwenzako."

"Mwenzangu aliliacha, baba mchungaji, nikalishika mimi. Yote waliyoyaacha nimeyashika."

Mchungaji akafunga kitabu. "Leteni maji."

Bibi akabatizwa siku hiyo hiyo, akaitwa Ana. Kondo na wenzake walirudishwa darasani, na mchungaji akaagiza wafundishwe na Bibi! Bibi alitutoka kabla ya masika, akiwa na jina lake jipya, na tukamzika kwa nyimbo.

Mimi nikahamishiwa Kwala, baadaye Tangini. Nilifanya kazi chini ya wamisionari wa mataifa mengine, na chini ya Bwana Mkaguzi wa shule, Mwingereza aliyebadilisha masomo yetu kila alipotutembelea. Watu wakaanza kusema habari za uhuru, barabara zikapanuliwa, magari yakaongezeka. Niliyapenda yote hayo, wala sikuyaogopa. Mungu niliyemhubiri Marui ndiye niliyemkuta Kwala, na Tangini alikuwa amenitangulia.

Siku ya kustaafu nilimkabidhi kazi mwalimu mpya, kijana msomi mwenye wasiwasi.

"Mzee," akaniuliza, "na wakubwa wakiondoka wakaniacha peke yangu?"

"Wataondoka, baba," nikamwambia, nikamshika bega. "Wewe alasiri hiyo fundisha."