Gari la Mikate

Wapo wanaodhani gari la mbio ni la kufunikwa turubai. Hawakuliona langu. Lilikuwa la milango miwili, tumbo karibu na ardhi, niliuziwa na mhandisi wa kizungu aliyekuwa anarudi kwao. Kila asubuhi lilipeleka mikate Ruangwa, na kwa mikate hiyo wanangu walikula. Siku za mashindano, kwenye uwanja wa ndege wa zamani wa Nachingwea, lilikimbia hilo hilo.

Mguu huu ninaouburuta aliuvunja storikipa wa karakana ya ushirika. Jina lake silitaji, cheo chake nakitaja. Aliniuzia mafuta ya breki, kumbe maji ya sabuni. Nikafika kwenye pipa la kugeuzia, nikakanyaga, pedali ikazama mpaka sakafuni. Mwenyekiti wa mashindano, naye namtaja, akatangaza kuwa nilikuwa nimelewa. Mimi pombe siijui ladha yake. Gari lililala juu ya mawe msimu mzima, na nyumbani tukala muhogo mkavu.

Mwaka uliofuata hapakuwa na pengine pa kununua. Nikarudi kwake na kichupa cheupe. Nikamwomba animiminie kidogo, nikatikisa mbele ya foleni yote. Povu likasimama.

"Shemeji," nikamwambia, "hii ya kufulia. Nipe ya breki."

Watu wakacheka. Akainama chini ya meza, akatoa kopo ambalo halijafunguliwa.

Ijumaa, niliporudi kutoka Ruangwa, nilitoa rafu za mikate na tairi la akiba ili gari liwe jepesi. Nikafagia makombo. Nikakung'uta vumbi kwenye kichujio cha hewa, nikakaza nati moja moja. Kisha nikaingia chini kutoa upepo kwenye breki, mama watoto akikanyaga pedali kila nilipomwambia.

"Ukilivunja tena," akasema kutoka juu, "Jumatatu mikate utaibeba kichwani."

Alikuwa anasema kweli.

Enzi hizo Jumapili mchana magari yalikatazwa barabarani ili kuokoa petroli, kwa hiyo tulishindana Jumamosi. Dereva wa tajiri mmoja wa pale mjini, mwenye gari jipya, akaniinamia dirishani. "Mzee wa mikate, usichelewe, itachacha."

Kwenye mnyooko alinipita kama nimesimama. Lakini pipa la mwisho lilihitaji breki. Nilikanyaga, pedali ikawa ngumu kama jiwe, gari likainama pua, likageuka. Yeye alinyooka, akaingia kwenye majani marefu, akatoka mzima, gari likiwa limepasuka chini. Baadaye nikasikia naye alinunua mafuta ya breki kwa storikipa yule yule. Hakutikisa.

Mwenyekiti akanipa mkono bila kuniangalia usoni. Niliushika, nikaukaza kidogo.

Gari la tajiri lilivutwa kwa kamba. Langu Jumatatu nililirudishia rafu, na Ruangwa walikula mkate ungali na joto.