Gari Linalala Wapi?

Yoeli Nnko hakuwa fundi wa kuchangamkia wateja. Ukimpelekea gari kwenye gereji yake ya mtaa wa Unga Limited, alilizunguka kimya, akainama kuchungulia chini, kisha akakuuliza swali moja tu: "Linalala wapi?" Wageni walidhani anawapeleleza. Yeye alitaka kujua njia ya kurudi nyumbani, basi. Gari linalopanda Akheri mlimani kila jioni si sawa na gari linaloingia geti la Njiro mjini, na mtu wa Momela anayepita juu ya mawe hawezi kufungiwa springi za mtu wa lami. Ukishamjibu ndipo alipoamua: atakufungia springi unazotaka, au atakurudisha na gari lako kama lilivyokuja. Aliwarudisha wengi, nao hawakukosa pa kwenda.

Kwa miaka ishirini kazi yake ilikuwa kunyanyua magari ili yapite kwenye matope ya mlimani. Kisha serikali ikafungua biashara ya nje, magari ya mtumba ya Kijapani yakamiminika kupitia Dubai, na watu wa mjini wakaanza kutaka kinyume chake. Walitaka gari lilale chini mpaka tairi limezwe na bodi. Mafundi wengine walizikata springi kwa moto wa gesi, na mwenye gari akaondoka akirukaruka barabarani kama chura. Yoeli hakukata springi ya mtu. Alifunga springi fupi zilizotengenezwa kwa kazi hiyo, akaweka na shokapu zinazolingana nazo, huku akinung'unika tangu nati ya kwanza hadi ya mwisho.

Machi mwaka tisini na nane, mvua zikiwa hazijakata tangu Oktoba, aliyeingia gereji na springi nne nyekundu kwenye buti alikuwa Ebenezer, mume wa Ruth, dada yake Yoeli wa kuzaliwa tumbo moja. Ebenezer alikuwa Mchaga wa Machame mwenye duka la vifaa vya ujenzi, mpole, mcheshi, ila alipenda kuonekana. Ile Corolla nyeupe Yoeli aliijua vizuri. Yeye ndiye aliyelala chini yake kuikagua ilipofika kutoka Dar. Ilinunuliwa kwa ajili ya Ruth, wala hakuna aliyeficha jambo hilo. Mimba tatu zilikuwa zimeharibika, na ya tatu iliharibika wakiwa bado wanatafuta teksi. Sasa Ruth alikuwa na ya nne, ya miezi minane, na hakuwahi kufika huko.

"Shikamoo, shemeji."

"Marahaba. Ruth hajambo?"

"Hajambo. Anaendelea."

Hapo mazungumzo juu ya Ruth yakaisha. Kwa kina Yoeli, kaka haulizi habari za tumbo la dada yake. Hayo ni ya akina mama, na mwanamume anayeyachokonoa huonekana hana adabu.

"Nataka lishuke, shemeji," Ebenezer akasema akicheka. "Mtaani kwetu nimebaki mimi tu. Gari limesimama kama mbuni!"

"Springi zake ni nzima."

"Ni nzima, lakini ni ndefu."

Yoeli alilizunguka gari, akainama, akainuka. Swali lilimfika mdomoni. Akalimeza. Kumuuliza shemeji yake gari linalala wapi ilikuwa sawa na kumuuliza yeye mwenyewe analala wapi, kana kwamba amesikia maneno ya watu juu ya ndoa yake. Na kwa nini aulize? Walikuwa wanakaa Njiro, na kutoka Njiro hadi hospitali njia ilikuwa nzuri. Akajifariji hivyo, akachukua jeki.

Kazi aliifanya vizuri. Hilo hata adui yake asingelikataa. Jioni gari lilikaa sawa pande zote nne, na kati ya injini na ardhi palibaki upana wa kiganja. Ebenezer aliondoka taratibu, kioo kimeshushwa, mkono nje, na Yoeli akamtazama bila furaha yoyote.

Jambo ambalo hakulijua lilijulikana kwa wanawake wote wa ukoo. Mama yao alikuwa amesema mimba hii hailelewi mjini. Ruth atapanda Akheri, akae kwa mama yake hadi siku zitimie, na mumewe alale huko huko na gari ili saa yoyote ashushwe hospitali. Yoeli alikuwa hajapanda kwao tangu mvua zishike. Nani angemwambia?

Siku ya kumi na mbili Ebenezer alirudi gereji kwa miguu, matope hadi magotini. Yoeli alipomwona tu alikaa chini kwenye tairi.

Ruth alianza kutokwa damu asubuhi hiyo huko Akheri, mvua ikinyesha. Walimlaza kiti cha nyuma, wakaanza kushuka. Lori lilikuwa limechimba barabara pande mbili na kuacha tuta refu katikati, na Corolla ikalipanda tuta kwa tumbo. Magurudumu yakabaki yanazunguka hewani. Wanaume walikuja, wakasukuma, wakainua. Sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, ikapasuka kwenye jiwe na injini ikazima. Wakambeba Ruth juu ya kitanda hadi barabara ya lami, karibu saa nzima, wakisimama kila alipolia. Mtoto alizaliwa hospitali akiwa ameshakufa. Alikuwa wa kiume.

"Ni barabara, shemeji," Ebenezer alisema, akijifuta uso kwa mkono wenye matope. "Barabara ile ni mbaya mno."

 Yoeli aliona afadhali angetukanwa.

Kesho yake alikwenda hospitali na chupa ya uji. Ruth alikuwa amelala amegeukia ukutani, akamgeukia kaka yake polepole. Yoeli alishindwa kujikaza. Alimwambia kwamba ni yeye aliyelishusha gari lile, kwa mikono yake, na kwamba hatajisamehe.

"Najua," Ruth akasema. "Mimi ndiye niliyemtuma kwako."

"Wewe?"

"Alitaka kulipeleka kwa mafundi wa kule karibu na duka. Nilimkataza lisiguswe kabisa, akanicheka. Basi nikamwambia alipeleke kwako, asilipeleke kwa mwingine." Alivuta shuka hadi kifuani. "Ningekutumiaje mimi habari kwamba nakwenda kujifungulia kwa mama? Nilijua wewe utamuuliza linalala wapi, naye atasema Akheri, na utamfukuza."

"Sikumuuliza," Yoeli akasema.

"Unamuuliza kila mtu, kaka," Ruth akasema.